Ndege wa Kaskazini mwa Kenya na Namna Wanavyotegemeana

Ukishavuka mji wa Isiolo na kuelekea Marsabit, barabara hunyooka kati ya migunga mifupi, mawe meusi ya volkano na mito ya msimu ambayo watu wa huko huiita laga, na wasafiri wengi huamua mapema kwamba nchi hiyo haina kitu. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, hata kutoka kwa watu wanaoipenda Kenya kwa dhati, na kila ninapoisikia hutamani msemaji angekaa saa moja tu kando ya kisima wakati wa asubuhi akitazama ndege. Nimekuwa nikiwafuatilia ndege wa Samburu, Isiolo, Laikipia na Marsabit kwa miaka kadhaa, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: ndege wa nchi kame haishi kwa ubabe wake mwenyewe, bali kwa kumtegemea mwingine, awe mwenzi wake, jirani yake, ndege wa jamii nyingine, mnyama au hata binadamu.

Nianze na firigogo, kwa sababu ndio wanaonifanya niamke mapema. Jua likishapanda kidogo, utasikia sauti zao kabla ya kuwaona, kisha makundi yatatokea kutoka pande zote, yakizunguka juu ya maji mara moja au mbili na kutua mbali kidogo na ukingo. Hapo hutulia. Hawakimbilii maji hata kama wana kiu, kwa sababu kozi na mbweha wanajua vizuri kwamba kila kiumbe lazima aje mahali hapo. Baada ya kusubiri, mmoja hutembea haraka kwa miguu yake mifupi, wa pili humfuata, na ghafla kundi zima limefika majini, linakunywa kwa sekunde chache na kuruka. Mtu asiyekuwa makini atadhani kazi imekwisha. Lakini ukiwa ni msimu wa makinda, madume kadhaa hubaki nyuma, huingia kwenye maji mafupi, huinua mabawa yasilowe, na huanza kuuchovya mwili juu na chini, juu na chini, hadi manyoya ya tumbo yalowe kabisa.

Manyoya hayo si ya kawaida. Nyuzi zake ndogo hujikunja zikiwa kavu, na zikiguswa na maji hujikunjua na kusimama, zikashika matone katikati yake. Vipimo vilivyofanywa kwa firigogo wa kusini mwa Afrika, ambao ni ndugu wa karibu wa hawa wetu, vilionyesha kwamba dume mmoja anaweza kubeba kiasi cha mililita 25. Anaruka na maji hayo kilomita nyingi, mengine yakipotea njiani kwa upepo na joto, na akitua kiotani, yaani kwenye kishimo kidogo tu ardhini kisicho na nyasi wala kivuli cha kutosha, husimama wima na makinda hujipanga chini ya tumbo lake, wakivuta maji kutoka kwenye manyoya kwa midomo yao. Makinda hawa wanaweza kutembea na kujiokotea mbegu muda mfupi baada ya kuanguliwa, ila mbegu ni kavu na wao hawawezi kuruka kwenda kisimani. Niliwahi kujiuliza kwa nini wazazi wasiweke kiota karibu na maji, na jibu liko kwenye ule ukingo wenyewe: palipo na maji ndipo walipo wawindaji. Firigogo amechagua kuwaweka watoto mahali pakavu penye usalama na kuwapelekea maji kwa tumbo la baba yao. Kuna aina nyingine ya firigogo, wale wenye michirizi myembamba mwili mzima, ambao hawaji asubuhi kabisa, bali hufika maji jua likishatua na giza likianza kuingia.

Ndege anayefuata ni kanga tumbusi, ambaye kwa macho yangu ndiye mwenye sura ya kushangaza kuliko wote wa ukanda huu: kichwa kitupu cha kijivu chenye macho mekundu, na chini yake kifua cha buluu iliyokolea chenye manyoya marefu ya mistari myeupe na myeusi yanayoning'inia shingoni. Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba jamii zenye ngazi, ambapo kundi dogo linajua makundi mengine ya kuungana nayo na ya kuepuka, zinahitaji ubongo mkubwa, kama wa tembo, nyani au binadamu. Katika kituo cha utafiti cha Mpala, huko Laikipia, watafiti waliwavisha mamia ya kanga hawa pete za rangi miguuni na baadhi yao vifaa vya GPS, na mwaka 2019 wakachapisha matokeo yaliyoipindua dhana hiyo. Walitambua makundi 18, kila moja likiwa na ndege kuanzia 13 hadi 65, na makundi hayo yalibaki na wanachama wale wale hata baada ya kuchanganyika mchana kutwa na makundi mengine au kulala nayo usiku kwenye miti ile ile. Zaidi ya hapo, makundi fulani yalikuwa na marafiki wao maalumu ambao walikutana nao mara nyingi kuliko wengine. Ndege wenye ubongo mdogo wanawajua wenzao mmoja mmoja, na wanajua pia ukoo upi ni wa kusuhubiana nao.

Kanga hawa wana tabia nyingine ambayo yeyote mwenye subira anaweza kuiona kwa macho. Wakikuta mahali penye mbegu nyingi, wakubwa wa kundi huwafukuza wadogo na kujitwalia chakula. Wadogo hawapigani. Wanaondoka, wanajikusanya pembeni, na wanapoanza kutembea kuelekea upande mwingine, kundi zima, pamoja na wale wakubwa waliokuwa wamejilimbikizia, huishia kuwafuata kwa sababu hakuna anayetaka kuachwa peke yake mahali penye chui na tai. Kwa hiyo anayekula kwanza siye anayeamua kila mara safari inaelekea wapi. Nadhani ni utaratibu wa haki kuliko unavyoonekana kwa nje.

Hapo hapo Laikipia, na karibu kila kambi ya wageni kuanzia huko hadi Marsabit, utamkuta kwezi mwenye tumbo la rangi ya chungwa, utepe mweupe kifuani na mgongo unaometameta buluu na kijani. Watu wamemzoea mno hata hawamtazami tena, na hilo hunisikitisha, kwa kuwa ni mmoja wa ndege waliochunguzwa kwa kina zaidi barani Afrika. Kwezi hawa huishi katika makundi yenye ndugu wa damu pamoja na wahamiaji kutoka makundi mengine, na wazazi wanapolea, wenzao huleta wadudu na kulinda kiota. Kumsaidia ndugu ni jambo rahisi kueleza. Kilichosumbua vichwa ni kwamba humsaidia hata asiye ndugu. Utafiti uliochukua takriban miongo miwili, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, ulionyesha kwamba ndege aliyesaidiwa mwaka mmoja huja kumsaidia yule yule aliyemsaidia, wakati mwingine baada ya misimu kadhaa, na kwamba kubadilishana huku hufanyika kati ya watu wale wale walioshikamana kwa miaka. Mvua za kaskazini hazitabiriki, na hakuna kwezi anayejua kama mwaka ujao atakuwa mlezi au mwenye kuhitaji walezi. Nimetumia neno watu kwa kwezi, na sitalifuta.

Hondohondo wamepeleka utegemezi mbali zaidi. Majike wa aina ndogo zinazoonekana sana Samburu, wenye mdomo mwekundu au wa manjano, huingia kwenye tundu la mti kabla ya kutaga na kuziba mlango kutoka ndani kwa matope, kinyesi na mabaki ya chakula, wakiacha ufa mwembamba unaotosha ncha ya mdomo tu. Akiwa ndani, jike hupukutisha manyoya makubwa ya mabawa na mkia, hivyo kwa majuma kadhaa hana uwezo wa kuruka hata kama angetoka. Dume huleta chakula siku nzima: panzi, mjusi mdogo, tunda, kisha tena panzi. Makinda wakishakua kidogo na chakula cha mlezi mmoja kikawa hakitoshi, jike aliyekwisha kuota manyoya mapya hubomoa ukuta na kutoka, na hapo makinda wenyewe, ambao hawajawahi kuona dunia ya nje, huuziba tena ufa ule kwa uchafu uliomo ndani. Hawafundishwi na yeyote.

Siwezi kuwaacha hondohondo bila kutaja urafiki wao na nguchiro wadogo, ingawa ushahidi wake bora ulikusanywa kusini zaidi, kwenye nyika ya Taru, na mtafiti Anne Rasa, aliyechapisha kazi yake mwaka 1983. Hondohondo walikuwa wakisubiri kando ya kichuguu walimolala nguchiro, na nguchiro wakichelewa kuamka, ndege waliwaita kwa sauti mlangoni. Wakitembea pamoja, nguchiro hufukua panzi na hondohondo hudaka wanaoruka; kwa upande wao hondohondo hupiga kelele za onyo anapotokea tai, hata yule ambaye huwinda nguchiro tu na hana habari na hondohondo. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kutafakari, kwa sababu ndege huyo analinda wenzake wa kazi kana kwamba ni wa kwake.

Kwenye migunga ile ile kuna viota vikubwa vya vijiti vya miiba, vinavyojengwa na kwera mkubwa mwenye kichwa cheupe na kiuno chekundu. Miiba huzuia nyoka na wezi wengine. Kozi mdogo kuliko wote wa Afrika, ambaye uzito wake ni gramu 60 hivi, hajengi kiota chake mwenyewe, bali hukaa kwenye viota hivyo vya kwera, mara nyingi jirani kabisa na wenyeji. Ukiona kiota cha miiba chenye ukoko mweupe wa kinyesi mlangoni, tulia utazame juu ya tawi, kwani huenda mwenye nyumba mpya yuko hapo.

Mbuni wa kaskazini naye ana mambo yake. Shingo na mapaja ya dume ni ya rangi ya buluu ya kijivu, tofauti na yule wa Maasai Mara mwenye shingo ya waridi, na tangu mwaka 2014 shirika la BirdLife limemhesabu kuwa spishi ya pekee. Katika jamii ya mbuni, majike kadhaa hutaga kwenye kiota kimoja, lakini ni jike mkuu na dume tu wanaoatamia, jike mchana na dume usiku. Mayai yakizidi kiasi kinachoweza kufunikwa, jike mkuu husukuma nje yale ya ziada, na kwa kuwa anayatambua yake mwenyewe, yanayosukumwa pembeni ni ya wengine. Tandawala mkubwa, mmoja wa ndege wazito zaidi duniani wanaoweza kuruka, hutembea polepole nyasini huku ndege mwekundu mla nyuki akiwa amekaa mgongoni mwake, tayari kudaka wadudu wanaotimuliwa na hatua zake. Sijaona tandawala akimfukuza abiria huyo.

Kati ya Novemba na Machi huja wageni. Mmoja wao ni ndege mdogo wa rangi ya mchanga, anayesimama wima juu ya jiwe na kutikisa mkia wake mweupe wenye ncha nyeusi. Kwenye mawe ya Marsabit utamwona kila mahali. Wanasayansi waliofunga vifaa vidogo kwa ndege wa aina hii huko Alaska walithibitisha mwaka 2012 kwamba huvuka Asia yote na kuja kukaa katika eneo hili la Afrika Mashariki, safari ya kilomita zipatazo 14,500 kwa upande mmoja, kwa mwili wenye uzito wa gramu 25 tu. Anayeliita jangwa la Dida Galgalu, kaskazini mwa Marsabit, nchi tupu angekumbuka kwamba kuna kiumbe anayevuka nusu ya dunia kuifikia.

Sasa nije kwa tumbusi, na hapa naandika kwa uchungu. Juu ya mlima Ololokwe, Samburu, ule mwamba mkubwa unaoonekana kutoka barabarani, kuna majabali ambamo tumbusi wa Rüppell hujenga viota vyao kwa wingi. Ndege wa aina hii aligongana na ndege ya abiria juu ya Côte d'Ivoire mwaka 1973, katika urefu wa takriban mita 11,300, na hakuna ndege mwingine ambaye imethibitishwa kuwa aliruka juu zaidi. Damu yake ina uwezo wa kushika oksijeni hata pale hewa ilipo hafifu mno. Lakini siri ya kupata chakula haimo katika urefu peke yake. Tumbusi husambaa angani, kila mmoja akitazama ardhi iliyo chini yake na wakati huo huo akiwatazama wenzake walio mbali. Mmoja akianza kushuka, aliye karibu humfuata, na wa tatu humfuata wa pili, hadi mzoga uliokuwa umejificha kwenye vichaka unazungukwa na ndege wengi kwa muda mfupi.

Utaratibu huo huo ndio unaowaangamiza. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe au ngamia kwa simba au fisi hunyunyizia mzoga sumu ya kuua wadudu, akikusudia kumlipizia mnyama mmoja, na wanaofika kwanza ni tumbusi, tena wote kwa pamoja kwa sababu wameitana kwa macho. Mzoga mmoja unaweza kuua makumi yao. Tangu mwaka 2015 tumbusi wa Rüppell amewekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Ninaelewa hasira ya mfugaji, maana ngamia mmoja ni mali ya familia nzima, na sidhani kwamba kumlaumu kunatosha. Boma imara la usiku humlinda ngamia vizuri kuliko sumu, na mizoga isiyoliwa na tumbusi hubaki ikioza karibu na visima vya watu wale wale.

Nimemwacha mlembe hadi mwisho kwa kuwa habari yake ni ndefu na naipenda kuliko zote. Ni ndege wa kahawia asiye na pambo, usingemtazama mara ya pili, isipokuwa anapokuja karibu nawe na kuanza kutoa sauti ya kukwaruza kama kiberiti kinachotikiswa. Akiona umemwelekea, huruka mbele, akionyesha manyoya meupe ya pembeni mwa mkia, na kutua kwenye mti mwingine, akiita tena. Anajua palipo na nyuki na anataka umfuate.

Wazungu waliosoma habari hizi waliwahi kuzitilia shaka na kuziona kuwa ngano. Aliyezipima ni Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, wakifanya kazi na warina asali wa Kiborana kaskazini mwa nchi, na mwaka 1989 walichapisha matokeo yao katika jarida la Science. Katika maeneo wasiyoyazoea, warina asali walihitaji wastani wa saa 8.9 kupata mzinga wa nyuki wa mwituni bila ndege, na saa 3.2 wakiongozwa na mlembe. Waborana walikuwa wamewaeleza kwamba ndege huwajulisha upande na umbali: jinsi mnavyokaribia, ndivyo anavyotoweka kwa muda mfupi zaidi anapokwenda kukagua, ndivyo vituo vyake vinavyokaribiana, na ndivyo anavyotua kwenye matawi ya chini zaidi. Vipimo vilithibitisha kila neno la wazee hao.

Mlembe naye ana shida yake. Anapenda nta na majana, na tumbo lake lina uwezo adimu wa kumeng'enya nta, lakini mizinga 96 kwa kila 100 ambayo watafiti waliiona isingefikiwa na ndege kabla ya mtu kuipasua kwa shoka na kuwatuliza nyuki kwa moshi. Binadamu ana moto na zana, ndege ana ramani. Na mawasiliano hayaendi upande mmoja tu, kwa sababu Waborana humwita kwa mluzi mkali uitwao fuulido, unaopulizwa kwa viganja vilivyofumbatwa, kwa gamba la konokono lililotobolewa au kwa kokwa la mkoma, na unasikika umbali wa zaidi ya kilomita moja. Mwenye kuupuliza alipata nafasi maradufu ya kukutana na ndege.

Lazima niseme pia kwamba ndege huyu hukua kwa ukatili. Jike hutaga kwenye tundu la ndege mwingine, kwa mfano mla nyuki, na kinda wa mlembe huanguliwa akiwa kipofu, hana unyoya, ila ana kulabu kali kwenye ncha ya mdomo, ambazo huzitumia kuwaua makinda wa mwenye nyumba gizani. Hulelewa na wazazi wasio wake, hamjui mama wala baba, na bado akiruka nje anajua kumwendea mtu na kumwita.

Ujuzi wa ndege, kwa hiyo, hakuna wa kumnyang'anya. Unaopotea ni wa upande wetu. Sukari ikipatikana dukani na vijana wakihamia mijini, mlembe hubaki akiita watu wasiomwelewa, na katika maeneo mengi ya Afrika ambako watu wameacha kumfuata, kuongoza kwenyewe kumekuwa nadra. Ukiwa na mzee anayejua kupuliza fuulido, mwombe akufundishe mwaka huu.